Mwalimu Anselme na Vita vya Lengalenga

Kaeni kitako, enyi watu wa Base Camp hadi Kakoba, zimeni redio zenu, msikie jinsi Anselme, mwalimu wa kemia wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Simba wa Chupa, Mtikisa-Mirija, alivyoshinda vita ambavyo hakuna jeshi lililowahi kuvitaka.

Mwaka 2013 alikwenda Mbarara kwenye semina ya kemia isiyochafua mazingira. Huko hotelini mashujaa wa elimu walilaani taka kwa ufasaha mkubwa, kila mmoja akinywa maji ya chupa na kuiacha chupa chini ya kiti. Anselme alirudi na cheti, fulana na wazo moja. Wenzake walirudi na cheti na fulana.

Adui alikuwa nyumbani. Nyuma ya maabara Eugénie, mpishi wa shule, alipanda lengalenga, yaani mchicha, mboga ya walimu na ya watoto wake. Kila baada ya somo Anselme alimwaga asidi dirishani, na lengalenga zikaanguka kama askari wasio na ngao.

"Mwalimu, maji yako inaniulia mboga," Eugénie alitangaza, mwiko mkononi. "Ukimwaga tena, walimu bote batakula ugali na chumvi. Na batoto bangu nitabaleta kwako!"

Shujaa akalikumbuka wazo la Mbarara, akajifunga kibwebwe. Akaziacha bilauri kubwa zilizofurika povu, fahari ya maisha yake. Akachukua vibao vya plastiki vya dawa vilivyoishiwa vidonge, na katika kila kishimo akadondosha tone la asidi juu ya unga wa maganda ya mayai. Povu likatoka, dogo kama mate ya mtoto.

Kizito, mkuu wa shule, akasimama mlangoni. "Ssebo, bwana, hii ni kemia ama unachanja kuku?"

"Asidi ni ile ile, mkuu. Kilichopungua ni majigambo," alijibu Anselme, na jibu likamchoma, kwa kuwa majigambo yalikuwa yake.

Mabaki, robo kikombe, aliyatia majivu ya jikoni mpaka karatasi ya litmasi ikakataa kuwa nyekundu, ndipo akayamwaga palepale bustanini, akiapa kwamba hayana sumu tena. Lengalenga zikasimama wima. Eugénie akachuma, akapika, akaweka sahani mezani. Walimu wakashika vijiko, hakuna aliyekisogeza.

"Kula wewe wa kwanza, papa. Si ulisema haina sumu?" Eugénie akamwambia Anselme.

Simba wa Chupa akatokwa jasho. Asidi na majivu huwa chumvi, maji na hewa: kwa miaka mingi aliliandika hilo ubaoni, wala hakuna aliyewahi kumtaka aamini. Akafumba macho. Akatafuna. Akameza.

"Haina chumvi ya kutosha," akasema.

Eugénie akacheka, akaanza kuwapakulia wengine.

Ichongeni basi kwenye mawe, enyi vizazi: siku hiyo, huko Nakivale, mwalimu mmoja alisadiki somo lake mwenyewe.