Mbuzi Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 3 Juni

Mwenzangu,

Mhariri amepiga simu. Kitabu chetu cha mbuzi kinatakiwa Ijumaa. Michoro saba anayo, mitano hana. Akaniambia kwa upole kwamba hanilaumu, anajua nimefiwa, ila kitabu cha watoto wanaoanza kusoma hakiwezi kuchorwa na mikono miwili tofauti. Mbuzi akibadilika sura, mtoto anadhani ni mbuzi mwingine. Kwa hiyo kama mitano haipo, chote kitachorwa upya na Fundi Tabasamu. Saba yako itabaki kwenye droo.

Fundi Tabasamu! Yule ambaye wanyama wake wote hucheka, hata kuku anayefukuzwa na mbwa!

Nikasema haraka kwamba uliimaliza yote. Imo humu ndani, naitafuta tu. Mhariri akashusha pumzi, akasema Mungu akulaze pema. Nikaitikia amina kwa sauti ya mtu mkweli.

Haimo humu ndani. Nimetazama hata chini ya godoro, ingawa najua.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamua kuichora mwenyewe. Kwani kazi gani? Miaka yote nimekaa upande wa pili wa meza, nikiandika sentensi zangu za maneno machache na kukutazama. Sikio kwanza, halafu mgongo, halafu unaing'ata penseli kidogo. Nikaichukua penseli yako niing'ate. Alama za meno yako bado zipo. Nikakaa kwanza.

Nikavaa na miwani yako. Mbuzi akazidi kuharibika.

Dada yako alikuja kuangalia kama nimekula. Akaona kilichoko mezani, akasifu. Meza nzuri hii, shemeji, ila mbona umeiwekea ndevu?

Sikuchora tena leo.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Mwandishi ni nani? Mimi! Nani kanilazimisha mbuzi aonekane?

Nimebadilisha sentensi zote za mwisho. Mbuzi yuko nyuma ya mlango. (Mlango nauweza, rula ninayo.) Mbuzi yuko ndani ya pipa. Mbuzi yuko nyuma ya ukuta. Taa imezimika. Huu ndio mchoro wangu bora: mweusi wote, nimemaliza chupa yako ya wino. Kisha, mbuzi ametoka. Uwanja mtupu. Safi kabisa!

Shemeji akauliza kama mbuzi amechinjwa. Nikamwambia hajui fasihi. Akajibu fasihi kweli haijui, lakini mbuzi aliyechinjwa anamjua.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya majaribio. Unakumbuka utaratibu: kila kitabu kinasomwa kwanza na watoto wa chekechea, mhariri apate kujua kama wanafuata. Fundi Tabasamu naye alikuwepo, na ng'ombe wake wa meno thelathini na mawili. Akanipa pole. Nikaipokea kwa ncha za vidole.

Kurasa zako! Ungewaona. Walisukumana. Mmoja alimpapasa mbuzi sikio, akatazama kidole kama kimebaki na manyoya.

Kisha mlango. Kimya. Pipa. Kimya. Kwenye ule ukurasa mweusi, kabinti kenye bandeji gotini kakaniuliza: babu, mbuzi yuko wapi? Nikasema amejificha. Kakauliza kama atarudi ukurasa unaofuata. Nikafunua. Uwanja mtupu.

Hakakulia. Kalikishika kitabu, kakarudisha kurasa nyuma mpaka kwenye za kwako, kakatulia hapo. Wenzake wakakazunguka. Mwalimu wao akacheka, akasema, mzee, kitabu chako kinasomwa kinyumenyume.

Nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la maji. Fundi Tabasamu akanifuata. Akasema alijua tangu ule mlango, kwa sababu wewe hukuwahi kushika rula. Akasema wewe na yeye mlifundishwa na mwalimu mmoja, na sikio lile la mbuzi amelijaribu miaka mingi, likamshinda, ndipo akakimbilia vicheko. Kama nitakubali, ataichora mitano iliyobaki kwa kukufuata wewe, bila jina lake.

Nikamwambia akatabasamu kwingine.

Ijumaa, 7 Juni

Mhariri alipanga michoro yote kumi na miwili mezani. Akatazama muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu sana, kama ulikuwa na maumivu makali ulipochora hii ya mwisho.

Mwenzangu, ilikuwa njia nyeupe! Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Lakini pipa lile, lidhaniwe ni lako? Nikasema ni yangu, yote mitano, niliichora nikiwa mzima wa afya.

Kisha akasema Fundi Tabasamu alishafika asubuhi kuomba aichore hiyo mitano, na akifuata mkono wako vizuri, saba yako itabaki kitabuni. Nikasema sawa. Ila mbuzi asicheke!

Jumatatu, 17 Juni

Michoro imefika. Mbuzi hacheki. Sikio limekaribia sana. Nimetafuta kosa asubuhi nzima, nikapata kwato moja. Sitaitaja.

Mhariri alipiga simu kwa furaha. Akanisomea maneno ya jalada la nyuma: hiki ndicho kitabu cha mwisho cha mchoraji huyu.

Cha mwisho. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nikajikuta nikisema hapana, si cha mwisho. Uliacha kingine, kimekamilika, michoro yote kumi na miwili, imo humu ndani. Akauliza kinahusu nini.

Samaki, nikasema. Kwenye maji ya matope.

Wino nimeshanunua. Huko uliko, mwenzangu, unikumbuke.