Sikio la Mzee

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu tangu Mzee, mwanzilishi wa kampuni yetu ya kuunda printa, astaafu. Printa sitini zimekwama ghalani. Miaka ishirini na mbili Mzee aliiinamia kila printa, akabandika sikio, akasema "Sawa." Bila hiyo "Sawa" hakitoki kitu! Mkurugenzi mpya kauliza nani mwingine ana sikio hilo. Kasema zisipotoka kufikia Ijumaa, wateja wanatukimbia na tunafunga milango. Nikanyoosha mkono. Nikasema Mzee alinirithisha kwa siri. Mungu anisamehe.

Jumanne, 5 Machi
Nimepewa kiti cha Mzee. Kinazunguka! Nimesikiliza printa tisa, zote sawa. Ya kumi nikaikataa, kulinda heshima tu. Fundi mkuu, mama mkavu tunayemwita Bi Bisibisi, akauliza ina tatizo gani. Nikamwambia ina huzuni. Akanitazama toka utosini hadi viatuni, akaenda zake. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kauliza iweje nisikie printa, na yeye akiniita nioshe vyombo sisikii. Nikachukua funguo, nikatoka.
Kazini, Bi Bisibisi kaniletea printa mbele ya watu wote. Nikafumba macho, nikasikiliza, nikatangaza kwamba hii ni nzima kuliko zote. Akafungua kifuniko. Tupu! Ganda tu, hata waya hamna. Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 7 Machi
Mkurugenzi kampigia Mzee simu, sote tunasikiliza. Mzee kashangaa. Sikio gani tena? Mgongo ulikuwa unamuuma, akawa anaziegemea printa apumzike kidogo. "Sawa" alijiambia mwenyewe, akiinuka. Ndipo Bi Bisibisi akatoa daftari lake. Njia nzima ya kupima printa, kaiandika miaka sita iliyopita. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliona aibu, nakiri.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Bisibisi kapima zote sitini. Hamsini na nne zimeondoka na lori saa tisa alasiri, tukapiga makofi na vigelegele. Machozi yalinilenga, hapa ndipo nilipokulia kikazi. Zile sita mbovu zimebaki kutengenezwa. Nne nilizipitisha mimi. Ile yenye huzuni ni nzima kabisa.
Sikufukuzwa! Nimehamishiwa kwenye simu za malalamiko ya wateja. Mkurugenzi kasema huko sikio langu litapata kazi.
Nimeshamwandikia barua ya siri: Printa ikitaka kuungua, hunuka kwanza. Na kwa upande wa pua, Mzee alinifundisha kila kitu.