Mikono Miwili Nyuma ya Gauni Langu

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa.

Ngojeni niwaambie. Nimebonyeza hapa naongea, msinikatishe. (Mtanikatishaje, mko Ihembe huko.)

Mnamjua Devota, mjukuu wangu niliyemlea. Leo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kibingo kumposa. Sasa huyo mtoto alikuwa na chunusi, uso unachemka kama maharage! Mwanzoni nikampaka samli, si ndiyo dawa yetu ya kila kitu? Kumbe nimeongeza kuni. Akaenda kwa nesi, akarudi na tyubu. Na masharti! Mimi kutwa namwigiza: "Bibi, nanawa kwa sabuni laini, sisugui. Bibi, napaka kidogo tu, kama punje ya njegere. Bibi, usinitumbue!" Kisauti chembamba, utadhani amebeba yai mdomoni. Na foronya zake zote zina mabaka meupe. Nikawa namwambia huo ni uvivu wa kufua.

Lakini uso ukatulia, jamani. Polepole, miezi imepita, ukatulia. Yamebaki madoa tu. Ila aliniapisha: "Bibi, wakwe wasijue. Watasema wanaoa ugonjwa." Nikaapa.

Leo asubuhi najiangalia kwenye kioo. Kha! Kidevuni kimekaa kitu chekundu, kinanitazama. Chunusi! Mimi! Meno yanaondoka, chunusi ndiyo inafika!

Wageni hao wanakuja. Nikaiba tyubu ya Devota. Punje ya njegere? Nani kasema? Nikakamua kama nakamua ng'ombe, nikajipaka uso mzima, mpaka shingo. Mikono imejaa. Ingekuwa samli ningemalizia miguuni, ila nilishavaa gauni langu jipya la kitenge, lile la bluu nzito alilonishonea Devota. Nikajifuta huko nyuma, kulia na kushoto. Huko nyuma nani anaangalia?

Uso ukaanza kuwaka. Nikakimbilia maji. Nikanawa, nikatulia, nikaingia jikoni kupika na majirani. Moto, jasho, ndizi. Nikasahau.

Wageni wakafika mchana. Wao benchi la huku, wazee wetu benchi la kule, wanatazamana. Devota yuko chumbani, hatoki mpaka aitwe. Mimi nikachukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikawainamia wageni mmoja mmoja. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, karibuni." Nainama kwa adabu, chini kabisa!

Nyuma yangu nikamsikia jirani yetu, Mzee Fidelisi, na lile koo lake la chura: "Waitu! Mama, nani kakushika?"

"Nimeshikwa na furaha, mzee!"

"Hapana. Huko nyuma."

Nikageuka nimwone vizuri. (Sasa na wageni nao wakaona.)

Benchi zima likanyoosha shingo.

Nikavuta gauni, nikachungulia. Mawe, mama yangu! Mikono miwili. Myeupe. Vidole vyote vimetandazwa, kimoja kimoja, kulia na kushoto, kama mtu kanikamata na hataki kuniachia. Mimi mjane! Mimi ninayewafundisha wasichana wa kanisani namna ya kukaa!

Shangazi wa bwana harusi akamwinamia mwenzake. Aliongea puani, nikasikia yote: "Hmm. Ndiyo nyumba tunayochukua mke hii? Kama bibi yuko hivi…" Akaanza kuokota mkoba wake.

Nikataka kusema. Niseme nini? Nikisema dawa, kiapo cha mtoto kinakufa. Nikinyamaza, posa inakufa. Nikakumbatia kikapu cha kahawa.

Pazia likafunguka. Devota katoka bila kuitwa! Bila kitambaa usoni! Mkono mmoja tyubu, mwingine foronya. Akapiga magoti.

"Shikamooni. Hiyo ni mikono ya Bibi mwenyewe. Hii ni dawa yangu ya chunusi, inachujua nguo za rangi. Tazameni foronya yangu. Nimekuwa nikijitibu, na bado natumia."

Mzee Fidelisi hakosi neno: "Basi tupime!"

Wenzangu, nikapimwa! Mbele ya wakwe! Nikageuka, nikarudisha mikono yangu nyuma, vidole juu ya vidole. Ikaenea sawasawa. Makofi! Bwana harusi machozi yanamtoka kwa kicheko, akasema, "Shangazi, mimi huyu huyu, na Bibi wake juu."

Shangazi akaweka mkoba chini. Halafu akamsogelea Devota, sauti sasa ni asali: "Mwanangu, hiyo dawa… inafanya? Kitinda mimba wangu ana uso kama fenesi." Wakakaa pembeni, Devota anamweleza ya njegere, ya kutokutumbua, ya kwenda kwanza kwa nesi, ya kuvumilia. Kile kisauti changu cha kuigiza! Nikakisikia leo, nikakipenda.

Posa imepokelewa. Kidevu changu kinawaka bado, na chunusi haijahama. Ila huyu mtoto aliyekuwa anajificha hata kwa muuza nyanya, ametoa siri yake mbele ya wakwe ili anisitiri mimi niliyekuwa namcheka. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, kweli.

Nyie mnaocheka, nawasikia. Jumapili kanisani vaeni nguo za rangi. Nitawakumbatia wote, kabla sijanawa mikono.