Kiraka cha Pipa la Kostiki

Jumatatu, 7 Julai 1997

Sabasaba! Nchi nzima imepumzika, akili yangu imekataa. Mama Devota, mwenyekiti wa kikundi chetu cha sabuni hapa Bangwe, kando ya ziwa, katangaza: Ijumaa anakuja mkaguzi. Tukifaulu, zabuni ya sabuni ya kambi ya wakimbizi ni yetu. Na atakayemridhisha upande wa mitambo ndiye atakayeshika ufunguo wa stoo. Ufunguo ninao mimi! Mwaka wa pili uko shingoni, naoga nao. Lakini Mama Devota alisema "atakayemridhisha" huku akimtazama Astérie.

Huyu Astérie kaja mwaka jana kutoka Burundi. Anasema kafanya kazi ya sabuni Bujumbura. Ana nyundo ndogo. Kila asubuhi anagonga pipa la kostiki, ile dawa kali inayogeuza mawese kuwa sabuni na ngozi kuwa kidonda. Anagonga, anasikiliza, anaandika kwenye daftari. Leo kasema ubavu wa chini umeliwa na kutu, pipa litupwe. Litupwe! Nikaubonyeza nimwonyeshe ulivyo imara. Kidole kikatokea ndani. Bahati lilikuwa tupu.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata! Wazo limenijia nikila ugali. Chuma hushika kutu. Sufuria ya mke wangu ina miaka tisa, haijashika kutu hata siku moja. Basi kiraka kiwe cha sufuria! Wasomi walikuwa wapi? Nimekata kifuniko cha sufuria kubwa ya pilau, nikakikaza kwa boliti na mpira wa baiskeli, nikapaka rangi ya kijani ndani na nje. Kizuri kuliko pipa lenyewe. Regina, mke wangu, kauliza kifuniko chake kiko wapi. Nimemjibu kimepata kazi.

Jumatano, 9 Julai

Astérie kauliza kiraka ni cha nini. Nimemwambia chuma cha reli. Akaandika: "Kiraka ni chuma, kwa maneno ya Elikana." Alitaka maneno ya nani, ya pipa? Akalijaza maji, yakakaa tangu asubuhi mpaka jioni. Halikuvuja hata tone! Nikamuuliza kama huko kwao wana viraka kama hiki. Akakataa kwa Kirundi, "Oya, mzee. Sisi tulibadilisha pipa."

Kisha akachimba mfereji kuzunguka pipa, eti kostiki ikimwagika isiwafikie watu. Dunia, mkorogaji wetu mwenye mdomo, akamuuliza bata wanakuja lini. Nilicheka mpaka ufunguo ukanigonga kidevu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimenunua viatu vyeupe. Nimejizoeza kusema, "Karibu, mitambo yote iko chini yangu." Nimewaambia mbuzi wa jirani. Hawakupinga.

Ijumaa, 11 Julai

Siku yenyewe! Mkaguzi, Bwana Gervasi, kafika saa tatu. Nikamtangulia kifua mbele. Tukamimina kostiki. Mama Devota akatabasamu. Pipa likaanza kuimba. Sss! Mapovu juu, mvuke juu, pipa la moto bila kuni! Mkaguzi akauliza kulikoni. Nikamweleza mtambo wa kisasa hujichemsha wenyewe. Akaanza kuandika!

Astérie akanikamata kola. Kiraka ni cha nini? Nikasema cha reli. Akasema, "Mzee, watu watakufa. Cha nini?" Nikanong'ona: sufuria.

Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Alipiga kelele kwamba kostiki inakula alumini na kutoa gesi inayowaka. Na hatua kumi kutoka hapo Dunia anachemsha mawese kwa kuni! Akamsukuma Dunia kando, akafukia moto kwa ndoo mbili za mchanga, akatuswaga sote upande unakotoka upepo. Kiraka kikang'oka, pwaa! Kostiki yote ikaingia kwenye mfereji wa bata, ikatulia humo. Haikumgusa mtu. Mimi nilikuwa nimeshaingia ziwani mpaka kiunoni, na viatu vyangu, nikisimamia usalama kutoka huko.

Jumapili, 13 Julai

Tumefaulu! Kwa sharti: pipa jipya, na ufunguo kwa Astérie. Mkaguzi kasifu daftari na mfereji. Kiraka changu hakukisifu, ingawa bila hicho mfereji ungefanya kazi gani? Nimeuvua ufunguo. Shingo nyepesi kama ya kuazima. Dunia ananiita Mzee Kifuniko. Regina anafunika pilau kwa sinia.

Lakini nimefikiri, na kosa nimelipata: kifuniko kilikuwa chembamba mno. Nimekwenda Ujiji kwa Bonaventura, anayeyeyusha alumini na kutengeneza masufuria. Nimemwagiza zawadi ya kupatana na Astérie: mwiko mrefu wa kukorogea kostiki, badala ya ule wake wa mti. Alumini tupu, mnene kama mkono wangu! Nitaupaka rangi ya kijani, asijue ni wa nini mpaka auone ukifanya kazi.