Nyota za Colleen na Ngome Yangu

Jumatatu, 6 Februari

Siku mbaya. Gari lilichomekwa kwenye umeme tangu jana ili injini isigande kwa baridi, na bado limegoma kuwaka. Uji wa shayiri umeungua. Halafu Colleen, huku anapaka siagi kwenye mkate, akaniambia kwamba anaihamisha tovuti ya duka lake la nyuzi za kufumia. Anaitoa kwenye Ngome. Anaipeleka kwenye mfumo ule mwingine, Ile ya Bure. Jina lake kamili siliandiki humu. Shajara hii ni nyumba yangu na mimi ndiye ninayekaribisha wageni.

Ngome ni kazi ya mikono yangu. Ni mfumo wa kutengenezea tovuti, nimeuandika peke yangu, mstari kwa mstari, katika chumba cha chini cha nyumba hii hapa Thunder Bay. Hakuna mtu duniani anayejua kilichomo ndani isipokuwa mimi, na siku nyingine hata mimi sijui. Zamani nilikuwa na wateja mji mzima. Daktari wa meno akaondoka. Muuza matairi akaondoka. Kanisa la Kilutheri likaondoka, tena baada ya kuniombea. Amebaki mteja mmoja, na mteja huyo ni mke wangu. Naye akitoka, Ngome inabaki gofu. Nitasema nafanya kazi gani?

Nikamuuliza sababu. Akasema ni zile nyota. Nikasema nyota gani. Akanitazama vibaya.

Nakumbuka sasa. Wafumaji wakiandika maelezo ya kufuma soksi au sweta, huweka alama ya nyota mwanzoni na mwishoni mwa sehemu ya kurudiwa. Ngome haipendi nyota. Ikiiona inaimeza, na maneno yote yanayofuata yanavimba na kuwa meusi. Juzi mama mmoja wa Nipigon amefuata maelezo ya tovuti yetu akafuma soksi isiyo na kisigino. Colleen anasema amenieleza habari hii miaka sita, na kila mara namjibu nitaangalia. Ni kweli namjibu hivyo. Na ningeangalia.

Kaka yake, Darcy, anakuja Jumatano ya wiki ijayo kuhamisha kila kitu. Darcy! Shemeji yangu, ambaye mpaka juzi alikuwa anauza mashine za kuondolea theluji. Muda upo. Akili ninayo.

Jumanne, 7 Februari

Mpango wa kwanza: ushahidi. Nitamwonyesha Colleen kwamba hakuna biashara ya maana inayokaa juu ya kitu cha bure. Iko njia ya kuichungulia tovuti kwa chini na kuona imejengwa juu ya nini. Huombi ruhusa ya mtu. Nikaenda mkahawa wa Kifini, nikaagiza pankeki, nikafungua kompyuta, nikaanza na mtaa huo huo, mlango kwa mlango.

Wakili: Ile ya Bure. Mzishi: Ile ya Bure. Duka la viatu vya theluji, fundi saa, hospitali ya wanyama, klabu ya curling, wale wanaotelezesha mawe kwenye barafu. Ile ya Bure, wote. Mkahawa niliokaa ndani yake: Ile ya Bure. Pankeki ikanikwama kooni.

Nikatoka nje ya mtaa. Gazeti la mji. Kampuni ya meli za nafaka. Chuo. Nikazidi kwenda mbali, nikachungulia hoteli ya Lisbon, kiwanda cha baiskeli cha Taiwan, shamba la chai upande wa pili wa dunia. Kila nilikochungulia, Ile ya Bure ipo. Nilikuwa kama mtu aliyeinua zulia la sebuleni akakuta bahari. Nilianza kwa hasira na nikajikuta mdomo wazi.

Mmoja tu aliniokoa, muuza samaki wa moshi wa kule bandarini. Hayupo kwenye Ile ya Bure! Nikamlipia hata mtu wa meza ya jirani kahawa. Halafu nikachungulia vizuri zaidi. Yupo kwenye nyingine. Nayo ni ya bure.

Jioni Colleen akauliza nilikuwa nafanya nini mchana kutwa. Nikasema utafiti. Akauliza umeonyesha nini. Nikasema bado unaendelea.

Jumatano, 8 Februari

Sauna, kile chumba cha mvuke. Darcy alikuwa benchi la juu kama kawaida yake, anamwagia mawe ya moto maji bila kuwauliza wenzake. Mpango ulikuwa kumchimba bila yeye kujua. Kwa sauti ya mtu asiyejali nikamuuliza mwenye Ile ya Bure anaishi wapi. Nilikuwa nimeshaamua kumpigia simu, tuelewane kama wanaume, aniachie angalau Ontario ya kaskazini.

Darcy akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, ile haina mwenyewe."

Nikasema kila kitu kina mwenyewe.

"Basi mwenyewe ni mimi na wewe," akasema. "Maandishi yake yote yako wazi. Unasoma, unachukua, unageuza, unaipa jina lako, ukitaka unauza. Na acha kuiita ya bure, shemeji. Ni huria. Hata wakikuuzia kesho, bado ni huria."

Nikamuuliza nani anaitengeneza ikiharibika. Akasema watu. Nikasema watu gani. Watu tu, maelfu. Wengine wanalipwa na kampuni zinazoitegemea, lakini wengi hawapati hata senti, wanafanya baada ya kazi zao, watoto wakishakula. Na karibu nusu ya tovuti za dunia, akasema, zinakaa juu ya mgongo wao.

Nikasema joto limenizidi, nikatoka nje. Theluji inaanguka, mimi na taulo langu. Nilisimama pale nikasahau baridi. Maelfu ya watu wasiojuana wameshika paa moja, hakuna msimamizi, na paa halianguki. Langu nimelishika peke yangu na linavuja. Sijawahi kusikia kitu kama hicho katika maisha yangu, na nimewahi kufanya kazi serikalini.

Darcy akatoa kichwa mlangoni akasema, "Shemeji, utaganda." Alikuwa sahihi, na hilo nalo liliniuma.

Ijumaa, 10 Februari

Mpango wa pili, na huu ni wa kishetani. Watu hao wa Ile ya Bure wana baraza lao mtandaoni ambako yeyote anaruhusiwa kuleta kasoro aliyoiona. Vizuri. Nitaleta kasoro ya uongo. Hawatajibu, maana nani atamjibu mtu asiyemlipa? Kimya chao nitakichapisha kwenye karatasi, nimpe Colleen mkononi, niseme haya, hao ndio unaowahamia.

Nikajiita Bwana Pekka wa Winnipeg. Nikaandika kwamba kila nikitaja andazi la Persian kwenye tovuti yangu, ukurasa mzima unageuka rangi ya waridi. Nikatuma. Nikaenda kuchemsha kahawa.

Kahawa haijachemka, jibu limefika. Mama mmoja wa Iringa, Tanzania, jina lake Atupele. Anasema pole kwa usumbufu, amejaribu na kwake ukurasa haugeuki, anaomba nimweleze nilibonyeza wapi. Halafu anauliza, kama si kunisumbua, Persian ni andazi la namna gani. Akaingia Anselmo wa Porto. Yeye amejaribu kwenye simu mbili na kompyuta ya mkewe. Akaingia Rezwan wa Dhaka na picha ya ukurasa mweupe, akasema asikate tamaa Bwana Pekka, ataendelea kutafuta mpaka kieleweke.

Nikaishiwa pozi. Nikajikuta naeleza Persian. Ni andazi la mviringo, linakaangwa, na juu linapakwa sukari laini ya waridi yenye matunda, ya rasiberi au ya stroberi, na kuna familia hapa zimenuniana kwa hilo. Atupele akajibu kwamba maandazi ya kwao hayavai nguo.

Niliona haya. Nikawaambia kasoro imeondoka yenyewe. Wakanishukuru. Wamenishukuru mimi! Halafu Atupele akasema ameulizia hili Persian na anaona linapikwa Thunder Bay tu, si Winnipeg, basi huenda namfahamu Colleen Lahtinen wa huko, aliyewaletea mwaka jana kasoro tamu kuliko zote. Zile nyota za kufuma.

Nikatafuta, nikasoma. Huko hakuna kinachofutwa. Kumbe Colleen alikuwa anaijaribu Ile ya Bure kwa siri kwenye kompyuta ya Darcy. Aliandika hivi: "Habari zenu. Mimi ni muuza nyuzi. Naandika nyota, nyinyi mnaigeuza kuwa kitu kingine. Nyumbani nimeshasema mpaka nimechoka, ndiyo nimekuja kwenu."

Wakaanza kazi. Anselmo alimpigia simu bibi yake kumuuliza nyota inakaa upande gani wa neno. Atupele alileta shangazi yake anayefuma vitambaa vya meza. Rezwan alijifunza kufuma ili aelewe tatizo, akatuma picha ya skafu yake, mbaya sana. Walibishana siku nzima kuhusu nyota ya mke wangu, kwa adabu kuliko mikutano yote ya klabu ya curling, kisha wakairekebisha. Na ikawa imerekebishwa kwa wote duniani kwa mpigo mmoja. Hata kwa mzishi, ambaye hakuomba.

Kahawa imepoa. Mimi nalala kitanda kimoja na mwenye nyota hizo. Sijui niandike nini. Kitu hiki ni kikubwa, kinatisha, na ni kizuri.

Jumapili, 12 Februari

Mpango wa tatu. Darcy mwenyewe kasema mtu anaruhusiwa kuichukua, kuigeuza na kuipa jina lake. Basi nimeichukua. Nimeipaka buluu ya Ngome, nimebandika kile kimnara changu kwenye kona, nimeiita Ngome Mpya. Kazi ya mchana mmoja. Ngome ya kwanza ilinila miaka tisa. Hilo nimeamua kutolifikiria.

Jioni, baada ya mchuzi wa samaki, nikamketisha Colleen mbele ya kompyuta, nikamwambia mume wake ameangalia. Akaandika maelezo ya soksi. Nyota ya kwanza ikakaa. Nyota ya pili ikakaa. Maneno hayakuvimba. Akaweka mkono mdomoni. Akaniita mpenzi, jambo ambalo kwa kawaida husubiri Krismasi. Nikasema ilikuwa kazi ngumu lakini nimejikaza.

Ningemtoa kwenye kiti pale pale. Sikumtoa. Akaendelea kubonyeza huku na kule kwa furaha, na kumbe mle ndani kuna ukurasa ambao sikuupaka rangi. Ukurasa wa majina ya waliosaidia. Yanateremka, yanateremka, mamia kwa mamia. Colleen akayafuata kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Reijo," akasema polepole, "jina langu linafanya nini ndani ya Ngome yako?"

Nikatazama. Colleen Lahtinen, katikati ya Mchile na Mjapani. Hata aliyekuja kulalamika tu, wanamwandika. Sikujua. Nani angejua? Hata katika aibu ile nilipata msisimko. Nikajibu kwamba nimemwekea jina lake kama zawadi.

Akauliza na hawa wengine wote, nao ni wake zangu?

Naandika haya nikiwa kwenye kochi.

Jumatano, 15 Februari

Darcy amekuja na Persian dazeni nzima. Kabla ya chakula cha mchana duka lote limeshahama. Sweta, soksi, kofia, kila nyota mahali pake. Mama wa Nipigon ameandika kuuliza kama sasa ni salama kufuma. Nilisimama nyuma yao nikila andazi, nikiangalia mteja wangu wa mwisho anavyoondoka. Nilitaka kuchukia. Sikuweza. Ilikuwa kazi safi.

Darcy alipotoka Colleen akakaa nami jikoni. Akasema ule ujanja wa rangi ya buluu haukumuumiza, ameolewa nami muda mrefu. Kilichomuumiza ni kwamba mtu wa Dhaka alijifunza kufuma kwa ajili ya swali lake, na mimi sijawahi hata kumuuliza soksi inaanzia wapi. Macho yaliniuma, nikasingizia sukari ya Persian.

Halafu akaniambia kwamba ukurasa mmoja ameuacha kwenye Ngome, ule wa saa za kufungua duka, maana hauna nyota. Siku nitakaporekebisha nyota, kwa mkono wangu, atarudisha na maelezo ya kufuma, moja baada ya jingine. Hakuna aliyewahi kunipa nafasi nzuri kama hiyo. Nikaapa mbele ya birika la kahawa.

Nikateremka chini mbio. Nikaifungua Ngome, nikatafuta mahali nyota inapomezwa. Sikupaona. Niliona mistari niliyoiandika mwenyewe na siikumbuki. Hapo wazo likanijia, zuri kuliko yote ya wiki hii. Kwa nini niteseke peke yangu wakati watu wale wapo, na wanapenda kusaidia?

Nimewaandikia Atupele, Anselmo na Rezwan, safari hii kwa jina langu halisi. Nimewaalika waje kuirekebisha Ngome bila malipo, kama ilivyo desturi yao. Sharti ni dogo. Kwa kuwa Ngome ni siri ya biashara, kila mmoja asaini kwanza kwamba hatatazama ndani. Ukurasa wa majina nitauweka, nimejifunza umuhimu wake. Ila litakaa jina langu tu, kuepusha msongamano.

Hawajajibu bado. Labda huko wamelala.

Colleen ameniita kutoka juu sasa hivi, kwa sauti nzuri, anauliza zile nyota vipi. Nimemwambia nitaangalia.