Mlinzi Aliyeshindwa Kunyamaza

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mfalme, binti yake na mama yangu mzazi.

Mnajua nimewasumbua wiki nzima kwamba niko kwenye opera kubwa mjini. (Opera ni ule mchezo ambao watu huimba kila kitu, hata wakiomba maji.) Nilichowaficha ni kwamba mimi ni mlinzi wa ikulu. Kazi yangu ni kushika mkuki na kunyamaza. Mkuki wenyewe ni mpini wa fagio ulionunuliwa kwenye maduka ya bei rahisi ya River Road, tukaupaka rangi ya fedha. Lakini Madam Njoki, mwelekezi wetu, aliniahidi kwamba leo nikisimama vizuri ataniingiza kwenye kwaya ya opera. Mimi mwimba besi wa kanisa pale Kabiria! Nilikuwa naitaka hiyo nafasi kufa kupona.

"Wafula," akaniambia kabla pazia halijafunguliwa, "kile kimya cha mwisho ndicho opera yenyewe. Mtu asipumue!"

"Relax, Madam. Mimi ni jiwe."

Kisa ni hiki. Mfalme amekataa binti yake aolewe na jemadari, na jemadari kwa hasira amewageuza watu wote wa ikulu wamkatae mfalme. Waziri anaimba, "Mfalme asifiwe!" Hakuna anayeitikia. Hapo ndipo mfalme anajua kiti kimeenda.

Mama alikuwa safu ya tatu na wenzake wa kanisani, vitambaa vyeupe kichwani. Nikavimba kifua.

Waziri akajitokeza. Akavuta pumzi. Sijui ni woga au ni mazoea (naye ni mzee wa kanisa), akaimba:

"Bwana asifiweee!"

Sauti nzito ikajibu, "Amina!"

Besi safi kabisa. Nikageuka kumtafuta huyo mjinga. Walinzi wote walikuwa wananiangalia mimi.

Labda ningeokoka. Lakini Mama alisimama. "Asifiwe tena!"

"AMINA!" ukumbi ukaitikia. Vigelegele juu!

Mfalme, ambaye alitakiwa kuzimia kwa huzuni, akawapungia mkono. Maskini binti yake akabaki na wimbo wake: "Baba, hakuna aliyebaki upande wako ila mimi." Watu wakacheka hadi machozi. Jemadari alipotokea na upanga kumpindua, akazomewa na akina mama wa Kabiria.

Nyuma ya pazia Madam Njoki hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuchukua mkuki wangu, akauangalia, akanirudishia.

"Tafuta fagio lake," akasema. "Kesho utafagia stage."

Nimeumia, siwadanganyi. Mama naye anapigia watu simu akisema niliimba kuliko wote.

Tafadhali msinicheke. Na kama ni lazima, basi chekeni kimya, nyinyi mnaokiweza.