Gitaa la Gesare Nalo Lipumzike

Jumatatu, 4 Agosti

Mzigo wa Gesare umefika. Nilidhani ni gitaa. Ni mwili tu wa gitaa la umeme, ubao mwekundu kama nyanya, hauna shingo wala nyuzi. Shingo aliinunua mwezi uliopita, iko chini ya kitanda. Daraja la chuma, lile la kushika nyuzi, limetoka kwa muuzaji mwingine kabisa. Ana siku sita za kuunganisha. Jumapili mwalimu Nehemiah wa kwaya atachagua chombo kimoja cha kwenda mkutano wa Magwagwa. Ni gitaa la binti yangu ama kinanda cha Ombui, kijana wa jirani.

Gesare anatengeneza simu za watu pale mjini mwaka wa tatu huu. Hakuna mtu amewahi kumpigia makofi kwa sababu ya simu. Nataka apigiwe.

Mama Ombui alipita akaona ubao. Akasema, mama Gesare, huku ni kununua ng'ombe ukianzia kwato. Nilicheka naye. Moyoni sikucheka.

Jumanne, 5 Agosti

Daraja halikai. Linasimama juu ya nguzo mbili fupi za chuma, na matundu ya nguzo kwenye ubao yameachana zaidi ya upana wa daraja. Tofauti ni punje ya mchele tu! Gesare hakulia. Alisema anahitaji kijiti cha mti mgumu sana, azibe matundu kwa gundi, atoboe mengine. Nikamwambia asijali, mama yuko.

Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Mti mgumu kuliko yote hapa Nyanchwa ni mwiko wa mama Ombui. Umesonga ugali wa matanga matatu na haujapinda. Nikauazima, nikasema nina wageni. Akaniambia niurudishe ukiwa safi.

Nimeuosha vizuri. Halafu nimekata mpini. Kidogo tu, urefu wa kidole.

Jumatano, 6 Agosti

Gesare aliuliza kijiti kimetoka wapi. Nikasema kwa mtu mwema. Amekichonga, amekipaka gundi, amekigonga ndani. Sasa kinakauka na haruhusu mtu kukohoa karibu.

Mwiko nimerudisha. Mama Ombui aliushika, akaugeuza, akasema leo mikono yake imekuwa mirefu. Nikamwambia ashukuru Mungu, wenzake wa umri huo wanapungua.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeona kitu. Hata sijui kama nitaweza kukiandika.

Gesare alitoboa matundu mapya, akapima mara saba, akaingiza nguzo. Daraja likakaa. Nikangoja alipigilie misumari. Hakupigilia. Mgongoni mwa gitaa kuna shimo, mna springi tatu zinavuta daraja huku. Nyuzi sita zinalivuta kule. Katikati daraja limesimama hewani, halijafungwa na kitu. Nilipitisha karatasi chini yake, ikapita. Nikapitisha tena, ikapita.

Halafu akapiga uzi mmoja na kusukuma mkono mdogo wa chuma uliochomekwa kwenye daraja. Sauti ikainama, ikazama, halafu ikainuka ikarudi mahali pake pale pale. Chuma kinapumua. Na aliyekifanya kipumue ni huyu niliyemlea kwa uji wa wimbi, anayesahau kufunga bomba.

Ijumaa, 8 Agosti

Gesare alikaza nyuzi mchana kutwa. Kila akikaza mmoja, nyingine zinalegea, kwa sababu daraja linainuka. Saa kumi akamaliza, akaenda kuoga.

Nilikuwa nimepika chakula cha Sabato, nimepiga nguo pasi, nimefagia. Kila kitu tayari kupumzika isipokuwa gitaa. Nikalitazama limekazwa vile, nikalihurumia. Baba yangu alikuwa na obokano, kinubi chetu cha ngozi chenye nyuzi nane, na Ijumaa jioni alizilegeza zote. Alisema ukiiacha ikilala imekazwa, ngozi itapasuka ukiwa kanisani. Nikalegeza zote sita. Daraja likaanguka nyuma, tii, kama mtu aliyechoka.

Halafu jua likatua, Sabato ikaingia.

Jumamosi, 9 Agosti

Gesare ameona. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema, mama, umelegeza kazi ya siku nzima, na leo ni Sabato, siwezi kugusa. Nikamwambia alivyofanya babu yake. Akasema gitaa hili halina ngozi.

Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumapili, 10 Agosti

Alianza jua lilipotua jana, akaendelea alfajiri. Uzi wa mwisho ulikubali tukiwa mlangoni pa kanisa.

Ombui alipiga kinanda vizuri, siwezi kukataa. Kisha Gesare akapiga wimbo wa kuwaaga wafu, ule wa kwetu. Mwisho wa kila mstari akausukuma ule mkono, na sauti ikatetemeka kama mama anayejizuia kulia. Wazee waliokuwa wakinung'unika juu ya gitaa la umeme wakavua kofia. Mwalimu Nehemiah akasimama. Halafu akasema, Gesare, utakwenda Magwagwa. Makofi! Nami nikapiga yangu.

Mama Ombui alikuwa anafuta macho. Akaninong'oneza kwamba hilo gitaa lina kitu cha nyumbani kwake kabisa, hajui ni nini. Nikamwambia hata mimi nimesikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho kutwa ni Magwagwa. Gesare amekaza kila kitu, ameniweka mbele yake, ameniapisha mkono juu ya Biblia nisiguse uzi hata mmoja. Nimeapa, na mimi ni mtu wa neno langu.

Jua linakaribia kutua. Nyuzi sijazigusa.

Nimelegeza tu zile springi za nyuma zinazovuta daraja, nazo zipumzike.